Papa wa Miambani na Mwendo wa Maji: Somo la Milango ya Bahari

Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hakuna bahari wala papa. Mito mingi ya huko humwaga maji yake katika Mto Malagarasi. Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Na maji ya ziwa hilo hutoka kwa Mto Lukuga kuelekea Mto Kongo na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Kutoka Mtabila hadi pwani ya Bahari ya Hindi ni karibu kilomita 1,000. Hata hivyo, mwanafunzi wa Mtabila anaweza kuanza kujifunza tabia za papa akiwa huko huko kwao, kwa sababu jambo kubwa linaloongoza maisha ya papa wa miambani si damu wala ukali, bali ni mwendo wa maji penye njia nyembamba. Kanuni ya mwendo huo ni moja, kijitoni na baharini.

Jaribio la kijitoni

Chagua mahali katika kijito au mfereji ambapo maji ni mapana, kisha chagua mahali pengine, mbele kidogo, ambapo kingo zimekaribiana. Pima mita 5 kwa kamba katika kila mahali. Dondosha jani kavu na uhesabu sekunde linazochukua kumaliza mita hizo. Utaona kwamba penye wembamba jani hukimbia zaidi. Ikiwa kina ni kile kile na upana umepungua kwa nusu, mwendo huongezeka takriban mara mbili. Sababu yake ni rahisi: maji yote yaliyopita penye upana hayana budi kupita pia penye wembamba katika muda ule ule. Yakikosa nafasi, huongeza mwendo.

Mlango wa bahari na hesabu yake

Sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki ina miamba ya matumbawe. Penye nafasi baina ya mwamba na mwamba, au baina ya kisiwa na kisiwa, maji ya bahari kuu huingia na kutoka. Nafasi hiyo huitwa mlango. Mfano mmoja ni Mlango wa Kinasi katika kisiwa cha Mafia, ambao huunganisha Ghuba ya Chole na bahari kuu upande wa mashariki.

Maji ya pwani hii hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na kitu kidogo. Kutoka maji kupwa kabisa hadi kujaa kabisa hupita saa 6 na dakika chache. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani ya Tanzania huweza kuzidi mita 3. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana.

Tuchukue ghuba ya kufikirika yenye eneo la kilomita za mraba 40, ambayo maji yake hupanda mita 3 wakati wa bamvua. Maji yanayoingia ni mita za ujazo milioni 120. Ikiwa mlango wake una upana wa mita 500 na kina cha mita 20, nafasi ya kupitia ni mita za mraba 10,000 tu. Gawa milioni 120 kwa 10,000: kila tone linalofuata mkondo huo lingesafiri mita 12,000, yaani kilomita 12, katika muda wa kujaa kwa maji.

Lakini maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hutumia kanuni ya sehemu kumi na mbili: katika saa ya kwanza huingia sehemu 1 ya maji yote, saa ya pili sehemu 2, saa ya tatu sehemu 3, saa ya nne sehemu 3, saa ya tano sehemu 2, na saa ya sita sehemu 1. Katika ghuba yetu kila sehemu ni sawa na kilomita 1 ya mwendo. Basi mkondo mlangoni huanza na kilomita 1 kwa saa, hufikia kilomita 3 kwa saa katikati ya muda, kisha hurudi kwenye kilomita 1. Mtu aliyevaa mapezi ya kuogelea hawezi kwa muda mrefu kushindana na mkondo unaozidi kilomita 2 kwa saa. Kwa saa mbili nzima, basi, mlango huo si mahali pa binadamu kubishana na maji. Papa, kwa upande wake, hupata hapo pumziko.

Papa watatu wa miambani

Katika miamba ya Bahari ya Hindi wako papa watatu wanaofahamika zaidi. Wa kwanza ni papa mwenye ncha nyeusi za mapezi, ambaye wanasayansi humwita Carcharhinus melanopterus. Huyu ni mdogo, kwa kawaida hazidi mita 1.8, naye hupenda maji mafupi. Maji yakijaa hupanda nayo juu ya mwamba kutafuta samaki wadogo. Yakipwa hurudi kilindini.

Wa pili ni papa mwenye ncha nyeupe za mapezi, Triaenodon obesus. Mwili wake ni mwembamba, na mchana mara nyingi hulala katika mapango na chini ya miamba. Huyu huweza kuvuta maji kinywani na kuyasukuma kwenye matamvua akiwa ametulia, kwa hiyo halazimiki kuogelea ili apumue. Usiku hutoka na kuwafuata samaki hadi ndani ya nyufa walikojificha.

Wa tatu ni papa kijivu wa miambani, Carcharhinus amblyrhynchos, mwenye ukingo mpana mweusi nyuma ya mkia. Huyu ndiye mwenyeji hasa wa milango na kingo za miamba zinazotazama bahari kuu, naye ndiye anayefaa kuangaliwa kwa makini katika somo hili.

Kwa nini papa hukaa mlangoni

Sababu ya kwanza ni pumzi. Papa kijivu hupumua kwa kuogelea kinywa kikiwa wazi kidogo, maji yakapita kwenye matamvua na kuacha humo hewa ya oksijeni. Penye mkondo, maji humjia yenyewe. Anaweza kubaki mahali pamoja akielekeza kichwa mkondo unakotoka, huku maji mapya yakipita mwilini mwake kana kwamba anasafiri.

Sababu ya pili ni uzito. Samaki wengi wana kifuko cha hewa kinachowawezesha kuelea. Papa hana kifuko hicho. Ana mifupa ya gegedu, ambayo ni mepesi, na ini kubwa lililojaa mafuta. Mafuta hayo mafundi wa vyombo wa pwani huyaita sifa, na kwa miaka mingi wameyapaka mbao za madau na majahazi. Pamoja na wepesi huo, papa bado ni mzito kuliko maji, na akiacha kuogelea huzama. Lakini mkondo unapogonga mteremko wa mwamba, maji hulazimika kupanda. Papa akijiweka juu ya mteremko huo hubebwa. Ndivyo afanyavyo mwewe juu ya vilima vya Kasulu: upepo ukigonga ubavu wa kilima na kupanda juu, yeye hutandaza mabawa na kuelea bila kuyapiga.

Jambo hili limepimwa. Katika mlango wa kusini wa Fakarava, kisiwa cha matumbawe kilichoko katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa, papa kijivu hukusanyika kwa mamia. Watafiti waliwafunga papa vyombo vidogo vya kupima mwendo, wakachora ramani ya mikondo ya mlango, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba papa wanaokaa penye maji yanayopanda huokoa asilimia 10 hadi 15 ya nguvu wanazotumia. Walionekana pia wakipeana nafasi: papa aliyefika mbele ya kundi huacha maji yamrudishe nyuma, kisha huanza tena kusogea mbele taratibu. Mchana hupumzika hivyo, usiku huwinda.

Sababu ya tatu ni chakula. Mlango ndiyo njia ya samaki wengi. Huko Fakarava chewa wapatao 17,000 hukusanyika mara moja kwa mwaka ili kutaga, na utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulihesabu papa hadi 700 katika mlango huo. Mwamba wenyewe usingeweza kulisha papa wengi kiasi hicho. Wanalishwa na chewa wanaotoka mbali.

Mkondo kama mchukuzi wa habari

Watu wengi huamini kwamba papa hunusa tone la damu kutoka upande wowote, hata akiwa mbali sana. Sivyo ilivyo. Harufu haina miguu. Husafiri pale tu maji yanapoipeleka. Papa aliye chini ya mkondo huweza kupata harufu ya samaki aliyejeruhiwa, lakini aliye juu ya mkondo, hata akiwa karibu, huenda asiipate kabisa. Ndiyo maana papa anayetafuta chakula huelekea mkondo unakotoka.

Anapokaribia, hisi nyingine huchukua kazi. Ubavuni ana mstari wa vitundu vinavyohisi mtikisiko wa maji. Puani ana vijishimo vyenye utomvu mzito, ambavyo Mwitaliano Stefano Lorenzini alivieleza mwaka 1678 bila ya kujua kazi yake. Baadaye ilifahamika kuwa vijishimo hivyo huhisi umeme. Kila kiumbe hai hutoa umeme kidogo sana majini, na mwaka 1971 mtafiti Adrianus Kalmijn alionyesha kwamba papa mdogo huweza kumpata samaki aliyefukiwa mchangani kwa kuuhisi umeme wake tu.

Ishara ya papa aliyekasirishwa

Papa kijivu hana sauti, lakini ana lugha ya mwili. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Richard Johnson na Donald Nelson, walieleza jinsi papa huyu anavyoonya kabla ya kuuma. Katika kisiwa cha Enewetak, kwenye Visiwa vya Marshall, mzamiaji alimsogelea papa kwa haraka ili waone atakavyofanya. Papa aliinua pua, akakunja mgongo, akashusha mapezi ya kifuani, na akaogelea kwa kuyumbisha mwili kushoto na kulia kupita kawaida. Onyo hilo lilikuwa kali zaidi pale papa alipobanwa kati ya mzamiaji na ukuta wa mwamba asione njia ya kutokea.

Hapa pana fundisho kubwa. Papa anayefanya hivyo si kwamba ana njaa. Papa mwenye njaa hamwonyi samaki anayetaka kumla. Onyo ni la kujilinda, na maana yake ni: ondoka, nipishe. Mzamiaji anayelifahamu hurudi nyuma taratibu, akimtazama papa, na kumwachia njia ya kuelekea maji marefu. Asiyelifahamu husogea karibu ili aone vizuri zaidi, na hapo ndipo huumwa.

Kanuni za mzamiaji katika milango

1. Apate habari za maji kabla ya kuzama. Katika mlango wa ghuba, wakati unaofaa ni maji yanapojaa, hasa yanapokaribia kusimama. Mkondo wa kujaa humpeleka mzamiaji ghubani, ambako chombo kinaweza kumfuata. Mkondo wa kupwa humtoa bahari kuu.

2. Asishindane na mkondo. Achukuliwe nao karibu na ukuta wa mwamba, na akichoka ajikinge nyuma ya jiwe kubwa, ambako maji hutulia.

3. Ajihadhari na maji yanayopanda. Mkondo ule ule unaomwinua papa bila taabu humwinua pia mzamiaji, naye hakuumbwa kwa hilo. Kina cha mita 10 kina mgandamizo mara mbili ya ule wa juu ya maji, na mita 20 mara tatu. Hewa iliyovutwa chini hupanuka mzamiaji anapopanda. Akizuia pumzi, mapafu yanaweza kupasuka. Akipanda upesi, naitrojeni iliyoyeyuka katika damu hufanya mapovu yanayoweza kumlemaza. Apumue wakati wote, asipande zaidi ya mita 9 kwa dakika, na asimame dakika 3 kwenye kina cha mita 5.

4. Asibebe samaki aliyechomwa. Harufu na mtapatapo wake vitafuata mkondo hadi kwa papa walio chini yake.

5. Asimfukuze papa, asimzingire, wala asikae penye njia yake ya kutokea. Akiona mgongo umekunjwa na mapezi yameshushwa, arudi nyuma.

6. Asizame peke yake, na awe na boya la kuonyesha mahali alipo, ili wenye chombo wasimpoteze.

Hatari iko upande gani?

Duniani kote, watu wanaoumwa na papa bila ya kumchokoza papa huyo kwa kawaida ni 60 au 70 hivi kwa mwaka, na wengi wao hupona. Hesabu ya upande wa pili ni nzito zaidi. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa miamba 371 katika nchi 58, uliofanywa kwa kamera zilizowekwa chini ya maji pamoja na chambo. Karibu katika mwamba mmoja kati ya kila mitano hakuonekana papa hata mmoja. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizokuwa na hali mbaya zaidi: katika nchi hizo sita kwa jumla, kamera zilirekodi kwa zaidi ya saa 800 na kuona papa watatu tu.

Sababu inapatikana katika yale yaliyokwisha kuelezwa. Papa hukusanyika milangoni. Mvuvi akitega jarife mlangoni usiku mmoja, anaweza kuvua papa waliokuja kutoka eneo kubwa la mwamba. Chewa jike hutaga mayai kwa malaki, lakini papa kijivu huzaa watoto 1 hadi 6 tu baada ya kuchukua mimba kwa karibu mwaka mzima, naye hachukui mimba ya kwanza mpaka awe na umri wa miaka saba au zaidi. Kundi lililovuliwa kwa usiku mmoja halirudi kwa mwaka mmoja, wala kwa miaka mitano. Mkusanyiko unaompa papa pumziko na chakula ndio pia unaomweka hatarini.

Mvuvi wa jarife hana uadui na papa, anatafuta riziki. Nyama ya papa iliyotiwa chumvi na kukaushwa ni kitoweo cha siku nyingi pwani, na bei ya mapezi katika masoko ya Asia ya Mashariki imekuwa kishawishi kikubwa. Ndiyo maana uchunguzi ule wa mwaka 2020 ni wa kutia moyo pia. Ulionyesha kwamba papa ni wengi zaidi mahali ambapo sehemu za mwamba zimefungwa kwa uvuvi, au nyavu za jarife na mishipi mirefu yenye ndoana nyingi imezuiwa, au kiasi cha papa wanaovuliwa kimewekewa mpaka. Si lazima bahari yote ifungwe. Mahali penye mkusanyiko pakilindwa, faida yake huenea mbali.

Tanzania ina msingi wa kujengea. Sheria ya Hifadhi za Bahari ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka 1995 Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, ikiwa na kilomita za mraba 822, Ghuba ya Chole ikiwemo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza baruti, ambayo huvunja matumbawe na kuua wakubwa kwa wachanga. Mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, mataifa yaliweka jamii nzima ya papa kijivu chini ya mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Sasa kuwauza nje ya nchi kunahitaji kibali. Mafia yenyewe imeonyesha kwamba papa aliye hai ana thamani: potwe, papa mkubwa kuliko samaki wote, ambaye hula viumbe vidogo anavyovichuja majini, huonekana karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi, na wageni hufunga safari kuja kumtazama.

Papa wa miambani si adui aliyejificha gizani. Ni mnyama anayefuata kanuni za maji zinazoweza kupimwa kwa jani kavu na kamba. Mzamiaji akizijua kanuni hizo, atarudi salama. Zikijulikana na wanaotunga na kusimamia sheria za uvuvi, pamoja na wavuvi wenyewe, milango ya bahari itaendelea kuwa na wenyeji wake.

Maswali ya marudio

1. Kijito chenye upana wa mita 4 hupungua kuwa mita 2 bila kina kubadilika. Mwendo wa maji utabadilika vipi, na kwa nini?

2. Ghuba ina eneo la kilomita za mraba 20 na maji yake hupanda mita 3. Mlango wake una nafasi ya mita za mraba 10,000. Tumia kanuni ya sehemu kumi na mbili kukadiria mwendo wa mkondo katika saa ya kwanza na ya tatu.

3. Eleza kwa nini papa kijivu hufaidika na maji yanayopanda, na kwa nini maji hayo hayo ni hatari kwa mzamiaji.

4. Taja ishara nne za papa aliyebanwa, na ueleze mzamiaji afanye nini akiziona.

5. Linganisha uzazi wa chewa na wa papa. Kwa nini kulinda mlango mmoja kunaweza kuwa na faida kubwa kuliko kulinda sehemu nyingine ya mwamba yenye ukubwa huo huo?